Kodi inakula kiasi gani cha mshahara wako? Kokotoa mwenyewe kwa salari slipu moja

Kila mwezi, siku moja au mbili baada ya mishahara kuingia, naulizwa maswali yaleyale. Mbona kodi yangu imepanda? Hii laki na ushee ni ya kodi au ya NSSF? Ni kweli ukivuka milioni moja unakatwa asilimia 30 ya mshahara wote?

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Nimekuwa nikiandaa mishahara ya watu kwa miaka, na nimeona hofu hiyo ikimfanya mtu akose usingizi. Dada mmoja, msimamizi wa stoo, aliongezewa shilingi 30,000. Badala ya kufurahi akaja kuniomba niirudishe nyongeza, kwa sababu ilikuwa inamvusha milioni na ameambiwa huko juu "wanachukua theluthi nzima". Tulichukua nyuma ya karatasi ya zamani ya mahudhurio tukapiga hesabu pamoja, mstari kwa mstari. Mwongozo huu ni ile karatasi, nimeisafisha tu.

Unamhusu mtu aliyeajiriwa Tanzania Bara, mkazi wa nchi, mwenye mwajiri mmoja. Kama una waajiri wawili, soma kwanza sehemu ya matatizo huko chini.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Salari slipu ya mwezi mmoja wa kawaida. Usichukue mwezi uliolipwa bonasi, malimbikizo au likizo, itakuchanganya.
- Barua au mkataba wa ajira, ili ujue posho zako zimeandikwaje.
- Kalkuleta ya simu inatosha.
- Karatasi na kalamu. Usipige hesabu hii kichwani, wala usiiruke mistari.
- Kwa hatua ya mwisho, risiti za EFD (mashine ya kodi ya dukani) za mwezi mzima. Kama huna, anza kuzikusanya leo na urudi kwenye hatua hiyo mwezi ujao.

Hatua ya 1: Tenga kodi na makato mengine

Slipu nyingi zinarundika kila kitu chini ya kichwa kimoja cha makato, na hapo ndipo watu wanapoanza kulaumu kodi kwa kosa lisilo lake. Pitia mstari mmoja mmoja, uweke alama.

PAYE ndiyo kodi ya mapato. Inakusanywa na TRA (Mamlaka ya Mapato) kupitia kwa mwajiri wako. Kwenye slipu, kodi ni hiyo peke yake.

NSSF (sekta binafsi) au PSSSF (watumishi wa umma) ni akiba yako ya uzeeni. Inakatwa kwa lazima, ndiyo, lakini ni fedha yenye jina lako. NHIF ni bima ya afya. Bodi ya Mikopo ni deni la chuo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa wanufaika. SACCOS, chama cha wafanyakazi na mkopo wa benki ni mambo uliyoyasaini.

Andika PAYE upande mmoja wa karatasi, hayo mengine upande wa pili. Usiyachanganye tena mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Pata jumla ya mapato yanayotozwa kodi

Anza na mshahara wa msingi, kisha jumlisha posho za fedha taslimu unazolipwa na mwajiri: nyumba, usafiri, chakula, mawasiliano, malipo ya saa za ziada. Kwa aliyeajiriwa na kampuni binafsi, posho hizi zinaingia kwenye kodi hata kama zimeandikwa mstari tofauti. Kubadilisha jina la fedha hakuiondoi kwenye kodi.

Mtumishi wa Serikali yuko tofauti kidogo. Sheria ya Kodi ya Mapato imeziacha nje posho kadhaa zinazolipwa kwa ruzuku ya Serikali, zikiwamo za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya Serikali na mwalimu wa shule binafsi wanaweza kupokea jumla sawa na bado kodi zao zisilingane. Hakuna aliyeibiwa.

Fedha ya kujikimu unayopewa ukisafiri kikazi haiingii hapa. Nyumba au gari la kampuni vina kanuni zake za kuthaminiwa. Kama unavyo, mwombe mhasibu akuambie thamani aliyoiingiza, usiikisie.

Katika mfano wetu, mfanyakazi wa kampuni binafsi ana jumla ya shilingi 1,200,000.

Hatua ya 3: Toa mchango wa hifadhi ya jamii

Mchango wa lazima wa mfuko wa hifadhi ya jamii unatolewa kabla ya kodi kupigwa. NSSF jumla yake ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu, kwa hiyo kwa wengi ni 10 kwa 10. PSSSF mtumishi anakatwa asilimia 5, na 15 inalipwa na mwajiri.

Mfano wetu: 1,200,000 kutoa 120,000, inabaki 1,080,000. Hiyo ndiyo namba inayopigiwa kodi. Izungushie duara.

Angalizo: usitoe Bodi ya Mikopo, SACCOS wala ada ya chama hapa. Hayo yanakatwa kwenye fedha ambayo kodi yake imeshapigwa. Kosa hili naliona karibu kila mwezi, na linamfanya mtu aamini amekatwa zaidi ya anachostahili.

Hatua ya 4: Igawe namba yako kwenye mafungu

Hapa ndipo penye kiini, nenda polepole. Mshahara haupigwi kodi wote kwa kiwango kimoja. Unakatwa vipande kuanzia chini, na kila kipande kina kiwango chake. Viwango hivi vinatumika tangu Julai 2021:

- Fungu la kwanza: shilingi 270,000 za mwanzo, kodi 0
- Fungu la pili: 250,000 zinazofuata (hadi 520,000), asilimia 8
- Fungu la tatu: 240,000 zinazofuata (hadi 760,000), asilimia 20
- Fungu la nne: 240,000 zinazofuata (hadi 1,000,000), asilimia 25
- Fungu la tano: chochote kinachozidi 1,000,000, asilimia 30

Jaza fungu la kwanza mpaka litosheke, ndipo uende la pili. Fedha ikiisha katikati ya fungu, simama hapohapo. 1,080,000 yetu inajaza mafungu manne ya mwanzo, na shilingi 80,000 tu ndizo zinazofika kwenye fungu la tano.

Hatua ya 5: Zidisha kila fungu, kisha jumlisha

- 270,000 × 0 = 0
- 250,000 × 8% = 20,000
- 240,000 × 20% = 48,000
- 240,000 × 25% = 60,000
- 80,000 × 30% = 24,000

Jumla ni 152,000. Hiyo ndiyo PAYE ya mwezi.

Ukishazoea kuna njia ya mkato: kodi ya mafungu yote yaliyojaa chini ya milioni ni 128,000, kwa hiyo aliyevuka milioni anachukua 128,000 na kuongeza asilimia 30 ya kilichozidi tu. Anayeishia kati ya 760,000 na milioni anaanza na 68,000 na kuongeza asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Anayeishia kati ya 520,000 na 760,000 anaanza na 20,000, halafu asilimia 20. Lakini mara ya kwanza nakuomba upite njia ndefu. Ukiona kwa macho yako kwamba asilimia 30 imegusa elfu themanini tu katika milioni na ushee, hutaisahau.

Sasa turudi kwa dada wa stoo. Namba yake ya kupigiwa kodi ilikuwa 990,000, kodi 125,500. Nyongeza ya 30,000 ukiitoa NSSF 3,000 inabaki 27,000, kwa hiyo ikawa 1,017,000, kodi 133,100. Kodi imepanda kwa 7,600, yeye amebaki na 19,400 za ziada kila mwezi. Kuvuka milioni hakukugusa hata senti ya zile zilizokuwa chini. Hakuna mahali popote kwenye mafungu haya ambapo kuongezwa mshahara kunakupunguzia kipato kwa sababu ya PAYE.

Hatua ya 6: Linganisha na slipu

Namba yako na ya slipu zinapaswa kufanana, au kutofautiana kwa shilingi chache za kukadiria desimali. Ukiona tofauti ya maelfu, nenda kwenye sehemu ya matatizo kabla hujaenda ofisini kwa mhasibu. Mara nyingi tatizo ni posho iliyosahaulika hatua ya 2.

Hatua ya 7: Gawanya upate asilimia yako halisi

Chukua PAYE, gawanya kwa jumla ya mapato ya hatua ya 2, zidisha kwa 100.

152,000 ÷ 1,200,000 × 100 = 12.7. Yaani katika kila shilingi mia anazopata, kumi na mbili na kidogo ndizo za kodi ya mapato. Ukiongeza NSSF, makato ya lazima ni 272,000, sawa na asilimia 22.7, na kinachobaki mkononi ni 928,000. Nashauri uziandike namba zote mbili, maana zinajibu maswali mawili tofauti: Serikali imechukua kiasi gani, na mimi nimebaki na kiasi gani.

Ona sasa jinsi asilimia inavyotembea. Aliyeajiriwa kampuni binafsi kwa 400,000 anatoa NSSF 40,000, anabaki na 360,000, kodi ni 7,200. Hiyo ni asilimia 1.8 tu ya mshahara. Wa 3,000,000 anatoa NSSF 300,000, kodi yake ni 638,000, asilimia 21.3. Hata huyu hajafika 30, wala hatafika, kwa sababu mafungu ya chini yanamvuta kila mara.

Mfano mwingine unaogusa watu wengi: Julai 2025 kima cha chini kwa watumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Kwenye 370,000, ukitoa PSSSF 18,500, kodi ilikuwa 6,520. Kwenye 500,000, ukitoa PSSSF 25,000, kodi ni 16,400. Kiasi cha kodi kimeongezeka zaidi ya mara mbili, na nilisikia watu wakilalamika kwamba nyongeza "imeliwa". Piga hesabu: nyongeza ni 130,000, kodi imechukua 9,880 kati yake. Kutazama mstari wa kodi peke yake bila kutazama uliobaki nao kunadanganya.

Hatua ya 8: Ongeza kodi unayolipa dukani

Wengi huishia hatua ya 7, na ndiyo maana hesabu yao haijakamilika. Mshahara ukishaingia mkononi unaanza kulipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kiwango chake cha kawaida Bara ni asilimia 18. Bei ya 11,800 yenye VAT ndani yake ina 1,800 ya kodi.

Kosa la kawaida ni kuzidisha bei ya dukani kwa asilimia 18. Bei hiyo imeshabeba kodi, kwa hiyo igawanye kwa 118 kisha zidisha kwa 18. Njia nyepesi zaidi ni kusoma risiti yenyewe, kwa kuwa EFD inachapa kiasi cha kodi kwenye mstari wake karibu na jumla.

Weka risiti zote kwenye bahasha moja mwezi mzima. Zitafifia ukiziacha juani au kwenye pochi, kwa hiyo andika kiasi cha VAT kwa kalamu siku hiyohiyo. Usishangae bahasha ikiwa nyembamba: nyanya, mchicha na maharage ya sokoni havitozwi VAT, na duka dogo lisilosajiliwa kwa VAT halitaionyesha kwenye risiti yake. Risiti ya petroli nayo haitakuonyesha VAT, lakini ushuru na tozo za mafuta vimeshaingia kwenye bei.

Tuseme bahasha imetoa VAT ya 38,000. Jumlisha na PAYE ya 152,000, upate 190,000. Gawanya kwa 1,200,000: asilimia 15.8. Hiyo ndiyo sehemu ya kipato chako iliyokwenda kwenye kodi unazoweza kuzihesabu mwenyewe.

Ukiulizwa "unataka ngapi mkononi?"

Hili linawakuta watu kwenye usaili, wanajibu haraka na kujutia baadaye. Mtu anataja laki nane akimaanisha za kubaki nazo, mwajiri anaandika laki nane kabla ya makato. Fanya hesabu kinyumenyume kabla hujaingia mlangoni.

Baada ya kodi, fungu la kwanza likijaa unabaki na 270,000, la pili 500,000, la tatu 692,000, la nne 872,000. Laki nane iko kati ya 692,000 na 872,000, kwa hiyo unaishia fungu la nne. Toa: 800,000 − 692,000 = 108,000. Fungu hilo linakuachia 75 kwa kila 100, basi gawanya kwa 0.75, upate 144,000. Jumlisha na 760,000: 904,000. Hiyo ni baada ya NSSF, igawanye kwa 0.9, unapata 1,004,444. Ukitaka laki nane mkononi sekta binafsi, taja milioni moja na elfu tano, na uhakikishe mkataba unaandika kiasi cha kabla ya makato.

Ikiwa hesabu inagoma

*Kodi ya slipu ni kubwa kuliko yangu.* Angalia kwanza jedwali unalotumia. Bado kuna majedwali ya zamani yanayozunguka kwenye simu za watu, yenye kiwango cha kutotozwa cha 170,000 (kilipandishwa hadi 270,000 Julai 2020) au asilimia 9 badala ya 8. Inawezekana pia mhasibu ndiye anayetumia jedwali la zamani, imeshatokea. Halafu angalia kama NSSF ilitolewa kabla ya kodi.

*Mwezi huu kodi imeruka ghafla.* Tafuta bonasi, malimbikizo au saa za ziada. Zikilipwa pamoja na mshahara zinaongezwa juu ya mafungu yaliyokwisha kujaa, hivyo zinaangukia fungu lako la juu kabisa. Mwezi unaofuata hurudi kawaida.

*Nina kazi mbili.* Mafungu yanatumika kwa mwajiri wa kwanza tu. Wa pili anakata asilimia 30 moja kwa moja bila kupitia ngazi. Waambie waajiri wote wawili ukweli.

*Kwenye makato yangu kuna SDL au WCF.* SDL ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, WCF ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Zote mbili ni za mwajiri, hazipaswi kutoka mfukoni mwako. Omba marekebisho kwa maandishi.

*Kodi ya slipu ni ndogo kuliko yangu.* Kwa mtumishi wa Serikali, pengine ni posho zisizotozwa. Kwa kampuni binafsi, chunguza vizuri. Kuna waajiri wanaoandika nusu ya mshahara kwenye slipu na nusu wanakupa kwenye bahasha. Leo inaonekana nafuu, lakini NSSF yako inahesabiwa kwa ile nusu iliyoandikwa, na mafao yako yatafuata hiyohiyo. Nimemwona mtu akifungua taarifa ya michango yake baada ya miaka kazini, akakaa kimya muda mrefu sana.

*Nakatwa, sijui kama inafika.* Mwajiri anatakiwa kupeleka PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa NSSF omba taarifa ya michango yako angalau mara mbili kwa mwaka, na uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Mwezi uliorukwa ni rahisi kuufuatilia ukiwa bado kazini kuliko ukishaondoka.

*Tumebishana na mhasibu, kila mtu ana namba yake.* Mpelekee karatasi yako yenye mafungu yote matano, si jumla tu, ili aonyeshe ni fungu gani mnatofautiana. Kikokotoo cha PAYE kwenye tovuti ya TRA kinaweza kuwaamua. Kosa likithibitika, husahihishwa kwenye mshahara unaofuata. Likipuuzwa, nenda ofisi ya TRA iliyo karibu na slipu zako na namba yako ya TIN.

Bajeti husomwa kila Juni na mabadiliko huanza Julai Mosi, kwa hiyo slipu ya Julai ndiyo ya kuirudia hesabu hii upya, kuanzia hatua ya 4.